Mkurugenzi wa Karatasi

Tangu 2013 serikali ya Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sheria ya ununuzi ya 2015 ikazibana kaunti nazo. Kampuni inayotaka cheti cha mpango huo, AGPO, lazima angalau asilimia 70 yake iwe ya makundi hayo, na uongozi wote utoke humo humo.

Wote! Hapo ndipo mapenzi yalipoingia kwenye biashara. Mwanakandarasi wa miaka hamsini na ushei, kitambi mbele, akakumbuka ghafla kwamba ana mke, tena mwenye kipaji cha kuchimba mitaro. Mama akaamka mkurugenzi. Sahihi anatia yeye. Simu ya benki anapokea bwana. Asiye na mke ana mpwa: kwa katiba, kijana ni kijana mpaka atimize miaka 35, na ukoo mkubwa haukosi mmoja.

Wanawake wenye biashara zao hasa wapo, na cheti chenyewe ni bure. Shida yao huanza wakishapeleka madawati. Kaunti hupokea mzigo asubuhi moja, kisha malipo huitwa "malimbikizo ya madeni", huku riba ya mkopo ikikua kama mtoto wa jirani.