Dishi Kuukuu, Banda la Gari na Serikali ya Rimoti

Dishi kubwa la setilaiti ni ungo wa wavu wa alumini wenye kipenyo cha mita mbili na nusu hivi, uliofungwa kwenye bomba la chuma, nalo bomba likachimbiwa kwa zege na watu walioamini kwamba halitang'olewa hadi Kiyama. Katika miji ya pwani ya Tanzania madishi haya yalichomoza miaka ya 1990, Tanzania Bara ilipokuwa ndiyo kwanza inapata vituo vyake vya televisheni. ITV ilianza kurusha matangazo 1994. Kazi rasmi ya dishi ni kukusanya mawimbi dhaifu yatokayo angani na kuyaelekeza kwenye nukta moja, mahali inapokaa LNB, kile kikopo kinachoyapokea na kuyateremsha hadi kiwango ambacho waya unaweza kuyabeba. Kazi zisizo rasmi ni nyingi zaidi: kushika kamba ya kuanikia nguo, kuwapa kuku pa kulala, kuwahifadhia nyigu kiota chao, na kumwelekeza mgeni. "Ukifika penye dishi kubwa, kata kulia" ilikuwa anwani kamili.

Dishi la namna hiyo hubadilishwa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kutu. Hewa ya chumvi haina haraka lakini haipumziki. Wavu wa alumini huusamehe, ila boliti za chuma zinazoushika huzitafuna hadi kichwa cha boliti kikafanana na tende. Ya pili ni lugha. Namna ya kufungasha matangazo hubadilika; mfumo wa DVB-S ulifuatwa na DVB-S2, uliotolewa 2005, na king'amuzi cha zamani kikikutana na mfumo mpya hubaki kimeduwaa. Jina king'amuzi linatokana na kung'amua, lakini ziko jioni ambapo chombo hiki hukaa juu ya kabati, taa yake nyekundu ikiwaka, bila kung'amua lolote. Sababu ya tatu haimo katika vitabu vya ufundi, nayo ni mjomba.

Ili kumwelewa mjomba, kwanza ieleweke ramani ya nyumba. Mfano mzuri ni nyumba moja ya Tanga, yenye sebule upande wa barabarani na banda la gari nyuma ya uwanja, hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni. Bandani mna gari kweli, Peugeot 504, ila limekaa juu ya mawe miaka mingi na kuku wa nyumba hiyo hutagia kiti cha nyuma. Kando ya gari mna mkeka, viti vitatu vya plastiki, televisheni ya chogo, na mjomba. King'amuzi ni kimoja tu na kiko sebuleni. Nyuma yake kuna tundu linalotoa picha kama vile inatoka kituo cha kawaida, na waya mrefu huipeleka kupitia matawi ya mwembe hadi bandani, ambako televisheni ya chogo imetegeshwa kwenye chaneli ya 36. Mpango huu ni wa bei nafuu na una kasoro moja: banda huona kile kinachotazamwa sebuleni, hakuna cha ziada. Anayeshika rimoti sebuleni anatawala nchi mbili.

Madhara yake huonekana vizuri zaidi dakika ya 80 ya mechi. Bandani mpira umewekwa kwenye kona, mpigaji amerudi hatua mbili, ameinua mkono. Mara anatokea bibi harusi analia kwa Kifilipino kilichotafsiriwa. Saa ya tamthilia imefika sebuleni. Hapo huanza diplomasia, na balozi wake ni mtoto wa darasa la tano. "Kamwambie mama yako, mjomba anaomba dakika kumi tu." Balozi huvuka uwanja, huchelewa kidogo jikoni penye maandazi, hurudi na jibu: "Mama anasema tamthilia nayo ina dakika zake." Kufikia ujumbe wa tatu refa ameshapuliza filimbi ya mwisho, na matokeo hupatikana kwa kelele za majirani. Nyumba nyingi hununua vyombo vipya wiki inayofuata tukio kama hilo.

Kazi huanza kwa kuondoa cha zamani. Boliti zilizoshikana hulowekwa mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi hugongwa nyundo taratibu, kisha hutukanwa, na mwishowe hukatwa kwa msumeno wa chuma. Kabla ya yote hayo LNB hukaguliwa. Fundi mzoefu huuliza kama mna nyigu. Asiye mzoefu hujulishwa na nyigu wenyewe. Katika nyumba ya Tanga fundi alikuwa wa aina ya pili, akashuka ngazi bila kugusa hata kipago kimoja, na dishi likapewa likizo ya siku nzima. Wavu ulipotoka, likabaki bomba. Zege la miaka ya 1990 halikuchanganywa kwa ubahili: baada ya saa mbili za sululu lilionyesha ufa mmoja mwembamba, na sululu ikaonyesha mpini uliokatika. Bomba likaachwa lisimame, likitazamwa kwa heshima.

Dishi jipya ni dogo, sentimita 90, na udogo wake una sababu. Dishi kubwa lilipokea bendi ya C, mawimbi ya gigahezi 4 hivi, ambayo wimbi lake moja lina urefu wa sentimita saba na nusu. Dishi dogo hupokea bendi ya Ku, inayofika gigahezi 12, yenye wimbi la sentimita mbili na nusu, na wimbi fupi halihitaji ungo mkubwa ili likusanywe sawasawa. Tena setilaiti za bendi hiyo hurusha kwa nguvu zaidi. Faida ni kwamba dishi hubebwa na mtu mmoja kwapani kama sinia. Hasara ni ya kijamii: mwenye nyumba aliyekuwa alama ya mtaa mzima huamka akiwa mtu kama watu wengine, na wageni hupotea njia.

Kinachofuata ni kulenga. Setilaiti ya matangazo hukaa juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, ikizunguka sambamba na dunia ili ionekane imesimama mahali pamoja. Iliyo kwenye nyuzi 36 Mashariki iko juu ya Bonde la Ufa la Kenya, jirani na Nakuru. Kwa mtu wa Tanga basi iko kaskazini-magharibi, na imepanda nyuzi 83 hivi kutoka upeo wa macho, maana yake karibu kabisa na utosi. Mtu asiyejua hakubali. Hutaka dishi litazame mbali, kwa kuwa setilaiti iko mbali. Wapo pia washauri wa simu: ndugu aliyeko Muscat alipiga kusisitiza kwamba dishi hutazama kusini, na kwake alisema kweli, kwani Oman iko kaskazini ya Ikweta. Tanga iko kusini yake, na kila kilomita ya ushauri ule ilikuwa inazidi kuharibu.

Tatizo jingine ni makengeza. LNB ya dishi dogo haikai katikati. Huning'inia kwa chini, na dishi limekatwa kwa namna ambayo huonekana linatazama huku, kumbe linaona kule juu zaidi. Kulinyoosha kwa macho lielekee mbinguni barabara ni kulikosesha setilaiti moja kwa moja. Na kukosea si jambo dogo: ukipotoka kwa uzi mmoja hapa chini, kule juu umepotoka zaidi ya kilomita 600.

Asiye na kipimo cha mawimbi hulenga kwa sauti. Fundi hukaa juu ya paa la banda, mtoto mlango wa jikoni, mama mbele ya televisheni. Mama akiona picha husema, mtoto hupokea na kupaza, fundi husikia na kuacha. Katika mnyororo huu king'amuzi chenyewe huhitaji sekunde kadhaa kuyatambua mawimbi kabla ya kuonyesha chochote, kwa hiyo neno "Hapo hapo!" humfikia fundi akiwa ameshapita hapo. Jibu analopewa baadaye ndilo sentensi inayotamkwa zaidi katika ufundi wa setilaiti: "Ilikuja, imeondoka!" Dawa yake inajulikana, nayo ni kusogeza kidogo, kuhesabu hadi tano, ndipo kusogeza tena. Kwenye bati la saa saba mchana, hakuna aliyewahi kufika tano.

Picha ikishatulia sebuleni, hugeukiwa banda, na hapa ndipo ubahili hujificha. Ving'amuzi sasa ni viwili, kimoja cha sebule na kimoja cha mjomba. LNB iliyonunuliwa ilikuwa na tundu moja, kwa hiyo fundi akaweka kigawanyio, kile kidude cha chuma chenye mdomo mmoja upande huu na miwili upande wa pili, akahakikisha kwamba "yote ni yale yale". Hayakuwa yale yale. King'amuzi huzungumza na LNB kwa umeme kupitia waya uleule unaoleta picha: volti 13 ni kuomba mawimbi yaliyosimama wima, volti 18 ni kuomba yaliyolala. Ving'amuzi viwili vikiomba kwa pamoja kupitia mdomo mmoja, LNB humsikiliza mwenye volti nyingi. Tamthilia ilikuwa upande wa volti 18. Mpira ulikuwa upande wa 13. Rimoti ya sebuleni ilipobonyezwa, banda likawa giza kama zamani, na safari hii hata bibi harusi hakuonekana. Balozi wa darasa la tano, aliyedhani amestaafu, akarudishwa kazini.

Suluhisho ni LNB ya matundu mawili, kila tundu na waya wake hadi kwenye king'amuzi chake. Waya wa bandani upitishwe ukutani au uzikwe ndani ya bomba la plastiki, maana mwembe hutikisika na watoto hupanda. Kabla ya kuingia dirishani waya uachiwe tumbo kidogo lining'inie chini, ili maji ya mvua yadondokee nje; usipoachiwa, maji hufuata waya kwa utii hadi ndani ya king'amuzi. King'amuzi chenyewe kisiwekwe penye joto na giza, kwa sababu mende hukiona kuwa nyumba ya wageni yenye huduma zote. Na vifurushi sasa ni viwili. Uhuru wa banda hulipiwa kila mwezi, na katika nyumba ya Tanga uliisha tarehe 27, siku tatu kabla ya mshahara, mjomba akavuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe na kukaa sebuleni, akaitazama tamthilia, akauliza yule bibi harusi analilia nini.

Mtihani wa mwisho wa vyombo vipya ni masika. Tone la mvua kubwa huzuia wimbi fupi la bendi ya Ku kuliko lilivyozuia wimbi refu la bendi ya C, kwa hiyo mvua ya Aprili ikikaza, picha hukatika vipande vipande, sauti hukwama, kisha kioo hutangaza kwamba hakuna mawimbi. Hakuna cha kutengeneza. Hungojwa wingu lipite. Bibi wa nyumba, ambaye miaka yote alilalamika kwamba dishi kubwa limemnyima jua la kuanikia, alitoa hukumu akiwa kitini: "Lile la zamani lilikuwa halikimbii mvua." Kifizikia alikuwa sahihi.

Hubaki kuamua hatima ya dishi kuukuu. Mnunuzi wa chuma chakavu huja na mizani yake, na alumini huipa bei nzuri kuliko chuma, lakini katika nyumba ya Tanga hakuondoka na kitu. Bibi aliutaka wavu. Uligeuzwa kifudifudi juu ya matofali manne, ukatandikwa mkeka, ukaanikwa makopa; upepo hupita chini, jua hupita juu, na muhogo hukauka kwa siku mbili. Chombo kilichoitwa ungo kwa kufananishwa kikawa chombo cha mapishi kwa haki yake.

Kamba ya nguo nayo ilikosa pa kushikwa, na kwa siku chache ilifungwa kwenye mguu wa dishi jipya. Blanketi moja lililolowa lilitosha kulivuta dishi uzi mmoja na nusu, ambao kule juu ni kilomita 900 na zaidi, na nchi zote mbili, sebule na banda, zikakosa taarifa ya habari. Fundi akapanda tena bati. Kamba ikahamishiwa kwenye lile bomba lililokataa kung'oka, na kufikia hapo kila kifaa kilikuwa mahali pake.