Kifurushi Kipo, Huduma Haipo

Anayetaka utabiri wa mvua kwenye programu yake hahangaiki: anaandika npm install, na kifurushi cha JavaScript cha Dark Sky, huduma ya utabiri wa hali ya hewa, kinashuka bila kinyongo.

Kasoro ni moja tu. Apple iliinunua Dark Sky mwaka 2020, na tarehe 31 Machi 2023 ikaifunga huduma iliyokuwa ikijibu maombi ya programu za watu.

Vifurushi, wala habari havina! Vimejaa kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, vikipokea wateja kama duka lenye kibao kipya na rafu tupu. Kuvifuta nako kuna masharti: baada ya sakata la 2016 la left-pad, kifurushi cha mistari 11 ambacho mwenyewe alikiondoa na programu nyingi zikakwama, mwenye kifurushi hakiondoi apendavyo saa 72 zikishapita tangu akichapishe.

Kabla ya kusakinisha, ndugu msomaji, ulizia kwanza kama mwenye huduma bado yupo.