Wahalifu Sina Shida Nao

Watu wakisikia mimi ni afisa wa probesheni hunipa pole. Hudhani nashinda na majambazi, narudi nyumbani roho mkononi. Pole naipokea, maana pole haikataliwi, lakini aliyevunja duka akapewa kifungo cha nje hajawahi kuninyima usingizi. Huja siku aliyoambiwa, amechomekea shati, anapiga hodi, anakaa anapoonyeshwa. Wanaonikondesha ni wale ninaopanga nao foleni ya mshahara.

Sababu iko kwenye sheria. Kabla mtu hajawekwa chini ya uangalizi wetu, mahakama humweleza masharti kwa lugha anayoielewa, naye akayakubali kwa kinywa chake. Akiyakiuka narudi kwa hakimu, na hakimu anaweza kumwadhibu kwa lile kosa lake la mwanzo. Sasa mwenzangu anayemaliza chai ya ofisi bila kuchanga hata shilingi, huyo nimpeleke kwa hakimu gani? Ana barua ya ajira ya kudumu, na pensheni juu, na hakuna mahali alipotia saini kwamba ataishi na watu vizuri.

Tuna Mzee. Huduma hii ilianza Kenya mwaka 1946, na ukimsikiliza Mzee utadhani ndiye aliyekata utepe. Kazi anaijua kutushinda wote, na machifu wa huku Pwani wanampa shikamoo yake kabla hajashuka kwenye gari. Shida yake ni ufunguo. Zamani, sisi bado tuko shule, faili moja ilipotea, na tangu hapo kabati lina ufunguo mmoja tu, umefungwa kwa kamba ya kiatu, uko shingoni mwake ndani ya shati kama hirizi. Mzee akienda msalani, faili zimekwenda msalani. Akiugua, zimeugua.

Siku moja mahakama ikataka faili ya kijana fulani upesi, na Mzee yuko mazikoni, kijiji cha mbali. Nikapanda bodaboda. Nafika, jeneza limeshatoka, Mzee ni mmoja wa waliolibeba. Makaburini siendi, nikajitanda leso nikakaa na akina mama, nikamtuma mtoto. Nikamwona kwa mbali anavuta kanzu. Mzee akainama, akavua ile kamba, kofia ikaanguka, ikaokotwa, ikakung'utwa mchanga. Mtoto akarudi mbio na ufunguo, na mkono wa pili kashika kipande cha boksi la sigara na kalamu. "Babu anasema uandike jina, saa, na utie sahihi."

Nikatia. Mtoto akasubiri nimalize, akahesabu kalamu yake, akaondoka nayo.

Halafu kuna ndugu yetu wa kompyuta, ambaye pia ndiye wa chai. Kabla hakimu hajatoa adhabu, mara nyingi huagiza ripoti kutoka kwetu: mshtakiwa ni nani, anaishi na nani, chifu anasemaje, familia inasemaje, aliyekosewa anasemaje. Ni kazi ya miguu na jua. Huyu ndugu yetu kwenda huenda, siwezi kumsingizia. Ila kuandika upya hapendi. Hufungua ripoti ya zamani, mara nyingi yangu, akafuta jina akaweka lingine. Siku ya kuiwasilisha moja akapata dharura, akaniomba nimsimamie mahakamani. Kesi yenyewe ni ya mzee mmoja mwenye mvi mpaka kifuani, aliyepatikana na hatia ya wizi wa nazi. Hakimu akasoma, akarudia mstari, akavua miwani.

"Ripoti inasema mshtakiwa ananyonyesha mtoto wa miezi minne."

Karani akatafsiri, kama kazi yake inavyomtaka, bila kutabasamu. Mzee wa watu akakitazama kifua chake, akafikiri kidogo. "Mtoto huyo si wangu, mheshimiwa."

Kesi ikaahirishwa ili ripoti iandikwe upya na hakimu apumue. Nilipomweleza mwenzangu alisikitika kwa dhati. "Lakini umri niliubadilisha," akasema.

Wa tatu ni dada yetu wa pikipiki. Ofisi ina pikipiki moja, na vijiji vyetu hujui viko wapi mpaka uvifuate. Dada huichukua tangi limejaa, akairudisha limebaki harufu. Asubuhi moja tuligombana uani, kila mmoja kashika upande wake wa usukani, sauti zinafika mahakamani. Katikati ya hayo pakatokea bwana mmoja aliyekuja kuripoti. Alimpiga jirani yake kwa ajili ya mbuzi walioingia shambani, na mimi ndiye niliyemfunza namna ya kushusha hasira. Akapiga hodi. Hakujibiwa.

"Madam," akasema, "kwanza kaeni. Aliyekaa hapigi kelele sana."

Maneno yangu mwenyewe. Tukakaa, maana tulikosa la kumjibu. Akataka mmoja aseme na mwingine anyamaze, kisha zamu igeuke, vile vile ninavyowafanyia watu na majirani zao. Tulipokwisha akauliza swali ambalo kwetu halikuwahi kuulizwa: "Na mafuta ya mwisho alitia nani?" Tukatazamana. Mzee akajibu kutoka dirishani kuwa ni yeye, kwa pesa yake, na risiti iko ndani ya kabati.

Bwana yule akapitisha kwamba atakayeirudisha tangi likiwa chini ya nusu atatoa shilingi 100 za chai. Tangu hapo pikipiki ina mafuta, au chai ina maziwa. Ndugu yetu wa kompyuta ameunga mkono mpango huu sana.

Muda wa bwana yule chini ya uangalizi wetu unakwisha karibuni. Dada akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama haiwezekani kumwombea aongezewe. Mzee, ambaye sheria anaisoma kichwani, akasema kifungo cha nje hakizidi miaka 3 na huyu anaimaliza, labda apige mtu mwingine.

Dada akauliza kama yule jirani mwenye mbuzi bado yuko pale.