Sifa za Grupu la Safari

Pwani yetu haikosi wasifiaji. Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata punda wa Lamu ana watu wake. Sijamsikia bado mtu akisimama kulisifu grupu la WhatsApp la marafiki wanaopanga kwenda Mombasa kwa gari kutoka Dar es Salaam. Dhuluma hiyo naiondoa leo.

Sifa yake kuu ni usalama. Njia ile ni zaidi ya kilomita 500, ina malori, mabasi yanayofukuzana na bodaboda zisizo na taa, na sisi tumeipita yote salama salimini. Tumeondoka Dar alfajiri mara nyingi mno, kila mara ikiwa usiku, kila mtu kitandani kwake, bando likiruhusu. Hatujapata pancha. Hatujapigwa tochi kwenye kibao cha 50, wala kuandikiwa faini ya 30,000. Tumekata kona Msata, tumekunywa chai Segera, tumelala Tanga, tumevuka Horohoro na kutokea Lunga Lunga bila kuulizwa kadi ya homa ya manjano. Bima ya gari ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua mpaka leo ingawa ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000, hatujaikata, na hakuna askari aliyetukamata. Likoni tunapanda kivuko bila foleni. Hata lita moja ya petroli hatujaichoma. Wapenda mazingira watuandikie barua ya shukrani, tutaipokea humo humo kwenye grupu.

Wala hatufungwi na njia moja. Yupo aliyetaka tuachane na Segera, tushike njia ya Bagamoyo, Saadani na Pangani, huko ambako hifadhi ya taifa inafika hadi ufukweni. Akapingwa kwamba Pangani kuna kuvuka mto kwa kivuko. Akajibu kwamba daraja linajengwa. Ni kweli: Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara hiyo ya pwani mwishoni mwa 2019, na ndani yake limo daraja la mita 525 hapo Pangani. Tulijadili daraja hilo kwa bidii kubwa. Nguzo zake zimeota mtoni. Mchango wetu bado haujaota.

Sifa nyingine nazitaja harakaharaka. Grupu linafundisha subira. Linakuza dini, maana kila asubuhi zinaingia dua ambazo hakuna aliyeziomba. Linaunganisha ukoo pia: humo yumo shemeji wa mtu, na hatujui nani alimwingiza.

Kuna na orodha ya michango. Namba, jina, kiasi. Kila mmoja anaikopi, anaongeza jina lake, na mbele yake anaandika: natuma mwisho wa mwezi. Mwezi upi, jamani? Mweka hazina wetu, dada mtaratibu asiye na neno na mtu, alituma namba ya kulipia. Ikafunikwa na stika, ikafunikwa na video ya mahubiri, ikafunikwa na ubishi kama hoteli ya Diani iwe na bwawa la kuogelea, ilhali bahari iko mbele ya mlango. Aliyetaka bwawa hajatuma hata shilingi. Aliyeshauri twende na magari mawili hajalipia kiti kwenye gari la kwanza. Alama za buluu zote zipo, ujumbe umesomwa, na majibu ni dole gumba. Dole gumba! Nijaze nalo tangi?

Nadhani tumeharibiwa na kamati za harusi. Kule mtu anaandika ahadi, anapigiwa makofi, anakunywa soda na kwenda zake. Tofauti ni kwamba harusi ina tarehe na ina mama mzazi wa bibi harusi, atakayekupigia simu hadi ulipe. Safari haina mama. Kwa hiyo ahadi inakaa palepale, na mwenye ahadi anaendelea kuhesabiwa msafiri, anachagua njia, anachagua hoteli, anamkosoa dereva ambaye hajawasha gari.

Wala si umaskini. Asiye na hela namwelewa, mwezi wa ada ya watoto naujua. Rafiki mmoja tu aliandika: "Jamani, safari hii siwezi, nina ada." Akanyamaziwa kana kwamba katukana. Waliobaki wote ni "tupo pamoja", na kati ya wote hao waliolipa ni mweka hazina, dereva na yule shemeji.

Gari ni Noah moja ya kuazima, viti bado vipo. Anayekwenda amtumie mweka hazina pesa kabla ya Ijumaa. Asiyekwenda aandike kwamba haendi, hatutamnunia. Wa dole gumba nitamtoa kwenye grupu mwenyewe, admini ni mimi.