Kiwanja cha Kuteleza

Hongera, shemeji. Kasongo nzima inatafuta mahali pa kupanga matofali. Wewe umetafuta mahali matofali yatakapoteremka yenyewe.

Muuzaji alikuambia maji ya mvua hayatatuama uani. Kweli kabisa. Yatapita tu, na udongo wako na vifaranga vyako, hadi kwa jirani wa chini, ambaye tayari amekuja kukusalimia akiongozana na shefu wa mtaa.

Usihuzunike. Sheria ya Julai 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia tu. Kwa hiyo mvua za Novemba zikiubeba, aliyepata hasara ni Serikali. (Vocha za kadasta ni zako, hizo hazielei.)

Hata mpelelezi Livingstone alikwama huku kwetu, Kabambare, mwaka 1870, miezi mingi, kwa vidonda vya miguu. Angalau yeye hakuwa amejenga mlimani. Wewe choo umechimba juu, nyumba katikati, kisima chini. Fundi aliuliza mara mbili kama unatania.

Siku ya kuhamia tutakuja, shemeji. Ila wali usiupakue kwenye sahani bapa.