Biashara ya Mwenza wa Mheshimiwa: Mwongozo wa Kishapu

Mwenza wako ameteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Hongera. Kuanzia leo ukiuliza bei sokoni Mhunze, wilayani Kishapu, muuzaji ataangalia kwanza gari lililokuleta, kisha fungu la nyanya litakosa bei kabisa: “Chukua tu Mama, tutaongea siku nyingine.” Lipa. Hiyo siku nyingine itafika, imebeba ombi la kiwanja.

Akina baba nao wasikilize. Kati ya 2016 na 2024 mkoa huu umewahi kuongozwa na wanawake wanne: Anne Kilango Malecela, Zainab Telack, Sophia Mjema na Christina Mndeme.

Kufanya biashara ni haki yako. Mama Maria Nyerere aliuza mafuta ya taa Dar es Salaam miaka ya 1950, mumewe alipoacha ualimu kwa ajili ya siasa. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kumiliki hisa na kupangisha nyumba, likamhesabu na mwenza. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza. Sitaki turudi kwenye kukatazwa. Nataka duka lako lionekane.

Sasa chagua. Dalali wa Maganzo akikuletea kijiwe kinachometa ndani ya karatasi ya sigara, mpe chai, aondoke nacho. Mwenza wako ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, nayo ndiyo inayoletewa habari za wabeshi, wavamizi wanaoingia mgodi wa almasi wa Mwadui.

Pamba ni hatari zaidi, maana inaonekana safi. Msimu ukifunguliwa, Mheshimiwa ndiye anayesimama mbele ya wakulima kukemea mizani iliyochezewa, ndiye anayepokea kilio cha aliyepeleka pamba kwenye ushirika wa wakulima, AMCOS, na hajalipwa. Ukiwa mnunuzi ni wewe, mkulima wa Ukenyenge amshtaki nani kwa nani? Usijitetee kwamba hukumwomba karani upendeleo. Karani ana watoto wa kusomesha. Atakupendelea bila kuombwa, na kilo zitakazopungua zitatoka kwenye gunia la mtu aliyepalilia juani. Choroko na dengu, hali ni hiyo hiyo.

Fungua saluni. Fuga kuku. Shona. Fanya biashara ambayo mteja akichukia anahamia kwa jirani, na asubuhi hakuna mtendaji wa kata anayekuja kumuuliza kwa nini amehama.

Zabuni za halmashauri ziache. Siku hizi zinapita kwenye mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, NeST, lakini mfumo haujui kwamba kampuni iliyoshinda ni ya binamu yako. Kijiji kizima kinajua. Na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka Mheshimiwa atamke mali zake pamoja na zako: akiteuliwa, kila mwisho wa mwaka, na akiondoka. Kaeni mezani mwandike yote. Anayekumbuka kuku akasahau lori arudie ukurasa.

Tena usikopee cheo. Anne Kilango aliteuliwa Machi 2016, uteuzi ukatenguliwa Aprili. Mkopo wako upigie hesabu ya wateja watakaobaki ving'ora vikinyamaza, pango la fremu lipa kwa jina lako, na mizani yako ya unga ikaguliwe na Wakala wa Vipimo siku ile ile wanapokagua ya muuza dagaa wa mlango wa pili.