Mheshimiwa Gavana, Tunakushukuru kwa Barabara

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Georgia,
Chini ya Kuba la Dhahabu, Atlanta.



Kwa heshima na taadhima, sisi wapanda mabasi wa Clarkston tunaomba dakika chache za muda wako adhimu. Tunajua una mambo mazito mezani. Basi letu ni jambo dogo, na likichelewa, wanaochelewa ni watu wadogo.

Kwanza, ahsante kwa barabara. Katika jimbo lako barabara zina bahati kuliko wakazi wengi, kwa kuwa Katiba yenyewe imeziandikia urithi: ushuru wa mafuta ya magari ni wa barabara na madaraja. Mwaka 2015 Bunge la Jimbo liliupanga upya ushuru huo, ukaanzia senti 26 kwa galoni ya petroli, na mrithi akabaki yule yule. Mafuta yalipopanda bei mwaka 2022, serikali yako tukufu ilisimamisha ushuru huo tangu Machi hadi Januari 2023, na pengo la barabara likazibwa kwa ziada iliyokuwa hazina. Wenye magari walishangilia. Nasi tulifurahi kwa niaba yao, huku nauli yetu ikibaki dola 2.50.

Tusionekane watovu wa shukrani: jimbo nalo hutukumbuka mara moja moja. Mwaka 2018 lilitenga dola milioni 100 kwa mabasi ya kasi ya barabara kuu ya GA 400. Mwaka 2020 likaweka tozo ya senti 50 kwa safari ya teksi za simu kama Uber, na mwaka uliofuata fedha hizo zikafunguliwa mfuko maalumu wa usafiri wa umma. Tumeistaajabia busara hiyo. Kumbe ili basi lipate senti 50, sharti kwanza mtu akatae kulipanda!

Riziki halisi ya MARTA, shirika linaloendesha mabasi na treni zetu, hutoka dukani. Ni kodi ya mauzo ya senti moja kwa kila dola katika kaunti za Fulton, DeKalb na Clayton, na senti moja na nusu ndani ya jiji la Atlanta. Fungu la kudumu la jimbo la kulipia uendeshaji wa kila siku halipo. Kwa hiyo mama anayefagia maofisi usiku, akinunua sabuni na viatu vya mtoto, amechangia treni. Bwana wa kaunti jirani ya Cobb anayeingia mjini asubuhi na gari lake na kurudi jioni hajachangia kitu, labda awe amepatwa na kiu.

Utasema, na ni haki yako, kwamba kaunti zenyewe ndizo zilizochagua. Kweli kabisa. Cobb ilikataa kujiunga na MARTA mwaka 1965. Gwinnett na Clayton zikakataa mwaka 1971. Zama hizo wapo waliotania kwamba herufi za MARTA maana yake ni kuwasafirisha Waafrika upesi kupitia Atlanta. Sisi tuliotoka Bukavu, Kigoma na Bujumbura hatukuudhika sana tulipousikia utani huo. Tulichosikitikia ni hilo neno upesi.

Lakini tunakusihi uitazame Clayton. Ilikuwa na mabasi yake yenyewe, yaliyotegemea bajeti ya kaunti. Uchumi ulipoyumba, kaunti ikashindwa, na tarehe 31 Machi 2010 mabasi yakasimama. Hiyo ndiyo kaunti yenye sehemu kubwa ya uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson, unaojivunia wasafiri wengi kuliko wowote duniani! Wahudumu na wabeba mizigo wake wakaachwa bila basi la kaunti hadi mwaka 2015, baada ya zaidi ya asilimia 70 ya wapiga kura kukubali kujitoza kodi ya senti moja ya MARTA. Miaka yote hiyo ushuru wa mafuta uliendelea kukusanywa Clayton, na Katiba ikaendelea kuulinda usije ukapotea njia ukaingia kwenye basi.

Kuna jambo moja tunaliuliza kwa woga. Kwetu, asiyetoa mchango wa harusi haketi kwenye kamati kupanga pilau. Hapa Bunge lina kamati yake ya kuisimamia MARTA, na kwa miongo kadhaa sheria ya jimbo ililiamuru shirika ligawe kodi yake nusu kwa ujenzi na nusu kwa uendeshaji, hata pale mabasi yalipopunguzwa kwa kukosa fedha upande mmoja huku upande wa pili zipo. Sharti hilo lilifutwa mwaka 2015. Tunashukuru sana kwa subira mliyotufundisha.

Wengine hufanya vinginevyo. Maryland hutia ushuru wa mafuta na ada za magari katika mfuko mmoja, unaolipia barabara, mabasi, treni, bandari na uwanja wa ndege. Hata serikali kuu ya Washington, katika senti 18.4 inazotoza kwa galoni, hutenga senti 2.86 kwa usafiri wa umma. Huku kwetu, wenzetu wa viwanda vya kuku Gainesville huondoka alfajiri kwa gari la kuchangishana, maana mabasi ya MARTA huishia mbali na huko.

Mheshimiwa, hatuombi treni mpya. Tunaomba uliombe Bunge liirekebishe sentensi ile ya Katiba, ili sehemu ya ushuru wa mafuta iruhusiwe kulipia mabasi. Zinahitajika theluthi mbili za kura katika kila baraza, kisha wananchi waamue kwenye uchaguzi mkuu. Saini yako haitakiwi. Neno lako ndilo linalotakiwa. Na wabunge wakihitaji kujionea, kituo cha treni cha Georgia State kiko hatua chache tu kutoka kwenye kuba lako.

Wako watiifu,
Wapanda mabasi wa Clarkston, Kaunti ya DeKalb.